Maharage ya Kopo kwenye Nyumba ya Mkulima wa Maharage

Mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Tunduma, tuliletewa mtaalamu wa lishe. Kijana mstaarabu, shati limenyooka, sauti ya upole. Alipanga mezani vile vyakula vya kupika haraka ambavyo wote tunavyo kabatini na hakuna anayekiri: tambi za pakiti, supu ya unga, soseji, na kopo la maharage yenye mchuzi wa nyanya. Akatuuliza kama muda tunaouokoa unalingana na afya tunayoipoteza. Wenzangu wakaguna, wakacheka, mmoja akasema wanawake wa siku hizi ni uvivu tu unawasumbua. Kisha kijana akalifungua lile kopo ili atuonyeshe sukari iliyomo, na harufu ikanifikia mstari wa tatu nilipokaa. Nyanya tamu iliyochanganyika na bati. Nilitoka nje nikatapika ukutani. Waliniambia kwa utani kwamba nina mimba, kwa umri wangu huu, nikawaacha wacheke.

Sikurudi ndani. Nilikasirika, na hasira ile haijaisha mpaka leo ninapoandika. Si kwa yule kijana. Yeye alisema aliyosoma, na huenda ni kweli tupu. Nilikasirika kwa sababu ya lile neno uvivu, kwa sababu najua mahali lilipowahi kutufikisha.

Nilikulia kijiji cha Ruanda, kule Mbozi, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, kahawa mbele na maharage nyuma. Baba alikuwa mkulima hodari, hilo sitamnyima. Maharage yake yalikuwa makubwa, mekundu, yasiyo na jiwe wala dudu, na wanunuzi wa Zambia waliyaulizia kwa jina lake. Aliimba besi kwenye kwaya. Akitoka sokoni aliniletea muwa, akaumenya mwenyewe kwa meno, akanipa kipande cha katikati. Na alikuwa anapiga. Alipiga ng'ombe, alipiga mbwa, alinipiga mimi, alimpiga Mama. Wenzangu wa umri wangu mnajua kwamba hilo halikuwa jambo la kusimuliana. Mwalimu alitupokea asubuhi kwa fimbo, majirani walisikika jioni kupitia migomba, na kesho yake mwanamke alikwenda kisimani na jicho limevimba, wenzake wakamsalimia kama kawaida. Nilikua nikidhani kwamba kupigwa ni kazi mojawapo ya siku, ipo baada ya kuchota maji na kabla ya kulala.

Maharage ya Baba yalikuwa na ubaya mmoja, hayaivi upesi. Yakikauka vizuri yalitaka saa tatu motoni, wakati mwingine nne, na mtu wa kuongeza maji na kuni muda wote. Wakati wa mavuno ya kahawa Mama aliamka gizani, akachuma mpaka mchana, akamenya kahawa kwa ile mashine ya mkono kwa sababu kahawa mbivu haitakiwi kulala, akaosha, akaanika, halafu ndipo aanze maharage. Na kwetu jiko la mwanamke lilikuwa halina siri. Bibi, mama yake Baba, aliishi ng'ambo ya uwanja, na kila alasiri aliketi barazani kwake akiutazama moshi wa jiko letu. Moshi ukitoka mapema, mkwe ni mwanamke. Moshi ukichelewa, Bibi alikohoa kwa nguvu mpaka asikike. Siku ambayo moshi haukutoka kabisa, alimsubiri mwanawe njiani.

Mwaka ule ninaousimulia, Mama alibadilika. Alinenepa usoni, akawa mzito kuinuka, akawa anashika nguzo ya jiko akipumua. Nilikuwa na miaka kama minane, mtoto pekee, na hakuna aliyeniambia kitu. Watoto tulikuwa hatuambiwi. Nilidhani anaumwa mgongo.

Mdogo wake Mama, ambaye nilimwita Mama mdogo, aliishi Tunduma na alikuwa na genge la kuuzia vitu karibu na mpaka wa Zambia. Alikuwa na maneno mengi na mdomo wa biashara. Alizoea wateja wake wa upande wa pili mpaka akawa anamsalimia hata mchungaji wetu kwa Kibemba, "mulishani", yaani hamjambo. Alipokuja kututembelea alimwangalia Mama kwa muda mrefu, akanituma maji, na niliporudi nikawakuta wamenyamaza. Wiki iliyofuata alirudi na boksi la makopo ya maharage kutoka Zambia. Akamwambia Mama, "Dada, hili ni la kupasha tu. Fungua, mwaga, dakika kumi. Hizo saa nyingine lala."

Nilionja siku ileile. Nilistaajabu. Maharage laini, madogo, meupe, yanaelea kwenye mchuzi mwekundu mtamu kama kitu cha sikukuu. Nililamba kijiko, nikalamba na mfuniko wa kopo, nikajikata ulimi, damu ikachanganyika na nyanya nikaimeza yote. Mama alicheka. Kicheko chake cha kipindi kile nakumbuka hicho kimoja.

Basi ukaanza utaratibu wetu. Mama akitoka kwenye kahawa, tuliwasha moto kama kawaida, tukateleka sufuria kubwa ya maji matupu, tukafunika. Mimi nilikaa hapo nikichochea kuni mbichi kidogo na kavu kidogo, ili moshi utoke wa kutosha na Bibi auone. Mama alilala nyuma ya mlango wa jiko, juu ya magunia, miguu ameinyanyua juu ya gunia la mahindi. Kulala kule kulinitisha. Sikuwahi kumwona mtu mzima amelala mchana isipokuwa mgonjwa au marehemu. Alilala mdomo wazi. Nilimwita taratibu wakati mwingine nione kama ataitika, na hakuitika. Jua likishuka nilimtikisa, akaamka, akafungua kopo mbili, akazimwaga kwenye chungu pamoja na kitunguu na chumvi nyingi kupunguza ule utamu, akayaponda na karanga za kusaga kuficha udogo wake na wekundu wa mchuzi. Baba alikula. Mara moja alisema leo maharage yamekolea.

Siku aliyotukuta ilikuwa alasiri ya baridi, ile baridi ya Mbozi inayopasua midomo. Baiskeli ilikuwa imepasuka gurudumu, akarudi mapema. Hatukumsikia. Aliingia jikoni akanikuta nachochea, akafunua sufuria, akaona maji yanachemka peke yake. Akaangalia nyuma ya mlango. Mama amelala, na pembeni yake kopo mbili zimepangwa tayari.

Alilichukua moja akaligeuza mkononi, akaiangalia ile picha ya maharage kama mtu anayeangalia picha ya adui. Alimwamsha kwa mguu.

"Mimi Wazambia wanavuka mpaka kuja kununua maharage yangu," akasema, "halafu mke wangu anakula ya kwao, ndani ya bati. Watu wakijua nitasimama wapi?"

Mama akasema neno moja tu la kuomba. Baba akafungua mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, ule mweusi wenye kulabu za chuma, akamchapa nao mabega na miguu mpaka akachoka yeye. Kulabu ilimpasua Mama sikio. Mimi nilibaki nimeshika ukuni wangu unaowaka, na nilichofikiri, namwambia kila mtu ukweli, ni kwamba moto usizimike.

Jioni ile Bibi alikuja kumpaka Mama majani ya kutuliza uvimbe. Alikuwa hamchukii, nataka hilo lieleweke. Yeye mwenyewe alikuwa na meno mawili pungufu ya mbele, na hayakung'oka kwa uzee. Lakini alikuwa na maelezo ya kila kitu. Aliniambia mimi, huku akisaga majani, kwamba vyakula vile vya bati vinatiwa dawa. Ndiyo maana haviozi. Dawa ile ikiingia kwa mwanamke inamlegeza, inamlaza mchana kama nyoka aliyemeza. "Mama yako hakuwa mvivu," akasema. "Ni hizo kopo."

Neno lile lilinikaa. Lilieleza kila kitu nilichokuwa nimekiona. Kabla ya kopo Mama hakulala mchana; zilipokuja kopo akalala; alipolala akapigwa. Sikuona pengo lolote hapo. Nilimshukuru Bibi kimoyomoyo kwamba ametupa ufumbuzi.

Nilidhani Mama ataziacha, lakini aliendelea. Alihamisha boksi juu ya uchaga, nyuma ya mahindi ya mbegu, akaniagiza nisimwambie mtu. Alasiri zikarudi zilezile, maji matupu, moshi, Mama amelala na sikio lake lenye kidonda liko juu. Sasa nilichochea moto huku nimetega sikio barabarani. Kila baiskeli iliyopita barabarani ilinipa haja ndogo. Nilimtikisa mapema zaidi kila siku, akaniomba kwa sauti ya usingizi nimwache kidogo, kidogo tu mwanangu, na mimi nilisikia ile dawa ikiongea.

Basi nikaamua kumwokoa.

Nilichagua asubuhi ambayo wote walikuwa kwenye kahawa. Nilipanda uchaga kwa ngazi, nikashusha kopo zote sita zilizobaki, nikazibeba kwenye gauni langu mpaka kwenye shimo la maganda ya kahawa. Mliokulia kwenye kahawa mnalijua lile shimo. Maganda yanaoza, yanachemka yenyewe, yananuka uchachu unaopanda mpaka machoni. Hakuna mtoto anayecheza pale. Nilizamisha mikono mpaka viwiko nikifukia kopo moja moja, na nilipomaliza nilijiosha mara tatu, lakini weusi wa maganda hautoki kwa maji. Nilijisikia vizuri. Niliimba njia nzima kwenda shule, nikapigwa fimbo za kuchelewa, na hazikuniuma.

Niliporudi, Mama alikuwa tayari amelala. Alikuwa hajapandisha mkono juu ya uchaga. Tangu azifiche kule, alikuwa anateremsha kopo akishaamka tu. Nikachochea moto. Nilimwacha alale, kwa kuwa niliamini ni mara yake ya mwisho, dawa itamtoka na kesho atakuwa Mama wa zamani. Jua lilipofika kwenye migomba nikamwamsha.

Alipanda ngazi akatafuta. Akasogeza mahindi yote. Akashuka, akapanda tena. Sijawahi kuona mtu anatafuta namna ile, bila neno, akirudia palepale alipoangalia. Kisha akateremka akachota maharage makavu ya Baba kutoka kwenye gunia, akayamwaga kwenye yale maji yanayochemka, akaanza kusukuma kuni zote tulizokuwa nazo. Nilifurahi kumwona anakimbia hapa na pale. Nilijua nimefanya vizuri.

Baba aliingia na wanaume wawili waliomsaidia kubeba magunia ya kahawa mpaka kituo cha kuuzia. Walikuwa hawajala tangu asubuhi, na alikuwa amewaahidi watakula kwake. Walinawa mikono. Ugali ulikuwa tayari. Mama aliwaomba wasubiri kidogo. Baba akaenda jikoni mwenyewe, akachukua harage moja kwa kijiko, akaliuma. Nililisikia likilia kwenye meno yake. Lilikuwa bichi kabisa.

"Mchana kutwa moshi unatoka," akasema. "Ulikuwa unapika nini?"

Mama aliangalia chini, na alipoangalia chini akaona mikono yangu. Nilikuwa nimesimama kando yake. Aliitazama ile mikono myeusi mpaka viwiko, akanusa, akanitazama usoni. Mimi nikatabasamu. Nilitaka ajue.

"Nimekuuliza, ulikuwa unapika nini?"

"Nililala, Baba Nuru," Mama akasema. "Nisamehe. Nililala tu."

Alianza kwa kijiko chenyewe, kile cha mbao, kikakatika kichwani kwake. Akaendelea kwa ngumi. Alipoanguka chini akaendelea kwa mguu, amevaa zile buti zake za mpira za kahawa zenye tope. Nilikuwa nimeona kupigwa kwingi, lakini siku zote Mama alijikinga kichwa. Siku ile aliacha kichwa wazi. Alijikunja akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akaacha uso upigwe, shingo ipigwe, sikio lile lipasuke upya. Nami nikadhani amelificha kopo moja pale chini ya kanga. Nilidhani bado analilinda, na nilimkasirikia, nikalia nikimwambia alitoe, alitoe tu yaishe.

Wale wanaume wawili walisimama mlangoni. Mmoja alisema, basi bwana, inatosha, kwa sauti ya mtu anayekataa chai. Kisha wakaondoka, mikono yao bado imelowa.

Bibi alivuka uwanja. Sikujua kama anaweza kutembea haraka vile. Aliingia na fimbo yake ya kutembelea akampiga mwanawe mgongoni, akampiga tena shingoni, mwanamume mzima mwenye ndevu, mpaka akageuka na ngumi imeinuliwa, akaona ni mama yake. "Huyo ni mjukuu wangu unayempiga teke," Bibi akasema.

Ndipo nikaiona damu kwenye kanga, chini, mahali ambapo Baba hakupapiga. Ndipo nikajua.

Jirani alimpeleka hospitali kwa pikipiki, Mama katikati, Bibi nyuma akimshikilia kiunoni. Baba alibaki amekaa kwenye kiti cha kumenyea kahawa, anatazama mikono yake, na mimi nilibaki naye. Yale maharage yaliendelea kuchemka. Yaliiva, baadaye. Hakuna aliyeyala.

Mtoto alikuwa wa kiume. Bibi alimzika nyuma ya kahawa bila kunionyesha mahali. Ukubwani Mama mdogo alinieleza mengine: kwamba kulikuwa na mimba mbili kabla ya hiyo zilizotoka, na kwamba nesi wa kliniki alimwambia Mama alale kila mchana, miguu juu, mpaka ajifungue. Mama alimwambia Baba maneno ya nesi. Baba akasema kahawa haijui kliniki. Ndipo madada wawili wakatafuta njia yao, na njia waliyoipata ilikuwa boksi la makopo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama vyakula vya haraka vinalipa gharama yake, mimi sina jibu la semina. Sijui sukari yake ni vijiko vingapi. Najua tu kwamba kopo lile liliuza saa mbili za mwanamke kulala chali, na kwamba katika nyumba yetu hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kumpa hata moja. Chakula halisi, cha shambani kwetu, kisicho na dawa, ndicho kilichokuwa kinamuua. Wanaosema uvivu sitawajibu vizuri, wanisamehe. Na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa mikono yangu. Nimezeeka na bado nikikaa peke yangu nasikia ule uchachu wa maganda.

Siku ya tatu Mama mdogo alinipeleka hospitali. Alikuwa ameshaamua kutuhamishia kwake Tunduma, na tulihamia kweli, Baba akaja mara mbili kuturudisha na mara zote mbili akaondoka peke yake. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mikono yangu bado ina rangi, nikaificha nyuma.

Mama alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta. Jicho moja lilikuwa limefumba, midomo imepasuka, lakini alinitambua kabla sijafika. Mama mdogo akaenda kumtafuta nesi. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyezitupa kopo, zote sita, kwa sababu zilikuwa na dawa.

"Najua," akasema. "Niliona mikono yako."

"Mbona hukumwambia Baba?"

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Angekugeukia wewe," akasema.

Alisema kwa sauti ileile anayoitumia kuniagiza chumvi. Kisha akasogea taratibu kuelekea ukutani, akauma meno, akanyanyua shuka, akaniambia nipande nilale kidogo, naonekana nimechoka. Nilipanda. Yeye ndiye aliyesinzia kwanza, mdomo wazi, na mimi nikakaa macho nikiutazama mlango.